Shubiri Moja ya Shaba

Asubuhi za kiangazi hapa Makere zina baridi ya kukunja vidole. Kati ya Juni na Agosti, watu wanaosubiri gari la Kasulu au la Kibondo pembeni mwa barabara hujifunika makoti na vitenge mpaka masikioni, na ikifika saa saba mchana watu haohao wanagombea kivuli cha mwembe. Nchi ya Waha iko juu, na anga yake ya kiangazi haina wingu la kuzuia jua mchana wala la kutunza joto usiku. Binadamu huvua koti, akaendelea na shughuli zake. Mizani haina cha kuvua.

Baba mdogo wangu ni fundi wa redio na simu, na siku hizi hata mizani za kidijitali. Mwaka fulani mnunuzi wa asali alimletea mizani ya mezani ya kilo 30. Alikuwa ameweka ndoo tupu juu yake saa moja asubuhi, akaandika uzito wake daftarini: kilo 1.20. Saa saba, kabla warina hawajafika na asali yao, akaitazama tena. Ndoo ileile, tupu vilevile, ilisoma 1.28. Gramu 80 zimetoka wapi? Angeijaza asali na kutoa ule uzito wa asubuhi, angewalipa warina asali ambayo haikuwepo, yaani angenunua jua. Mizani nyingine ingeweza kuteleza upande wa pili, na hapo aliyeibiwa angekuwa mrina aliyepanda mti usiku na kuumwa na nyuki.

Baba mdogo hakubisha wala hakusema mizani ni mbovu. Aliuliza jambo moja tu: "Ulikuwa umeiweka wapi?" Juani. Akafungua skrubu.

Ndani ya mizani ya namna hii hakuna springi. Kuna pao la alumini lenye mashimo mawili makubwa katikati, limefungwa upande mmoja kwenye kitako na upande mwingine kwenye sahani. Ukiweka mzigo, pao linapinda kidogo mno, jicho halioni. Juu yake zimegandishwa geji nne, kila moja ni utando mwembamba wa plastiki wenye uzi wa konstantani, metali ya shaba na nikeli, uliokunjwa mara nyingi kama njia ya mlimani. Pao likipinda, geji mbili huvutwa na mbili hubanwa. Uzi uliovutwa hurefuka na kuwa mwembamba, ukinzani wake unapanda, uliobanwa unashuka. Lord Kelvin aliliona jambo hilo kwenye nyaya mwaka 1856, lakini ilibidi lingoje hadi 1938 ndipo Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mtu kivyake huko Marekani, wakaligeuza kuwa geji ya kubandika.

Sasa tazama udogo wa mambo haya, maana hapa ndipo ninapoona heshima ya ufundi wenyewe. Geji ina ukinzani wa omu 350. Mzigo wote wa kilo 30 unaisogeza omu 0.7 tu. Ukipeleka volti 5, mizani nzima, kuanzia tupu mpaka imejaa, inarudisha milivolti 10. Gramu 10 za asali ni kama sehemu tatu za volti moja iliyokatwa vipande milioni. Katika unyonge huo joto nalo linaingia na kelele zake, kwa sababu karibu kila metali hubadili ukinzani ikipata moto. Shaba hupanda kiasi cha asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Waya wa shaba ungefanywa geji, kupanda kwa joto kwa nyuzi moja kungefunika kilo nyingi za mzigo.

Kinga ya kwanza ni daraja. Samuel Hunter Christie alilieleza mwaka 1833, Charles Wheatstone akalitangaza mwaka 1843 na kumtaja Christie kuwa mwenyewe, lakini dunia ikaling'ang'aniza jina la Wheatstone. Mtu aliyewahi kubeba maji kwa mzega atalielewa upesi. Mti uko begani, ndoo mbili zinaning'inia. Mvua ikinyesha, ndoo zote mbili zinaongezeka sawasawa na mti haulali upande wowote. Akija mtu akamimina kikombe kwenye ndoo moja, bega linajua papo hapo. Geji nne zimepangwa hivyo: joto ni mvua, huziangukia zote, nazo hufutana, mzigo ni kikombe, huongeza huku na kupunguza kule. Saketi haihangaiki kulifukuza joto. Inaliacha liingie pande zote mbili.

Lakini hakuna ndoo mbili zilizo pacha kamili. Gundi chini ya geji hii ni nene kidogo kuliko ya ile, alumini hupata moto upande wa jua kwanza, nyaya hazilingani urefu. Salio hilo ndilo linaloteleza. Kiwandani huwa wanalipima pao kwa pao na kuweka rezista ndogo ya kulisawazisha, na kwenye mizani ile ilikuwepo zamani. Fundi mwingine, mbali na hapa, aliifungua kabla yetu, akaona kijiwaya kisichoonekana kuwa na kazi, akakikata na kuunganisha moja kwa moja. Simlaumu sana. Kitu kinachozuia kosa lisitokee hakina alama ya kuonyesha kwamba kinafanya kazi.

Waswahili husema dawa ya moto ni moto, na baba mdogo aliifuata methali hiyo neno kwa neno. Kama pao linateleza kwa joto, liongezee kitu kingine kinachoteleza kwa joto, kiasi kilekile, kwa kinyume. Alichukua kalamu. Gramu 80 ndani ya nyuzi 20 za joto lililopanda tangu asubuhi hadi saa saba ni gramu 4 kwa kila nyuzi. Kwenye daraja la omu 350, omu 0.1 ya shaba ikiingizwa kwenye mkono mmoja husogeza kiasi hichohicho. Akafumua waya wa milimita 0.2 kutoka kwenye koili ya transfoma iliyokufa, akaupima kwa kuunyoosha mezani: sentimita 18 na ushei. Akaweka kiganja juu yake, kidole gumba mpaka cha mwisho. Shubiri moja, pungufu kidogo.

Shubiri hiyo, hata kukiwa na baridi, ingeinamisha daraja kwa zaidi ya kilo moja ya uongo. Kwa hiyo mkono wa jirani ukapewa omu 0.1 nyingine, ya konstantani kama ile ya geji, metali ambayo ukinzani wake karibu haujali joto, iliyogunduliwa na Edward Weston katika miaka ya 1880. Konstantani ya unene uleule ilihitaji milimita 6 tu, haifiki upana wa ukucha wa kidole cha mwisho. Nilizitazama nyaya hizo mbili zikiwa kwenye kipande cha kadibodi, moja ndefu inayohisi na moja fupi isiyohisi. Zikiwa baridi ziko sawa kabisa. Jua likipanda, moja inasogea na nyingine inakaa. Sijui kazi nyingine ya mikono iliyo safi kuliko hiyo.

Kuna kosa lingine la joto, nalo ni la alumini yenyewe: ikipata moto hulegea, hivyo mzigo uleule huipinda zaidi, takriban asilimia 1 kwa nyuzi 20. Hilo hutulizwa kwa rezista ya nikeli kwenye njia ya umeme unaoingia darajani, ambayo joto likizidi hubana umeme kwa kiasi kilekile. Ya mizani ile ilikuwa nzima.

Kwenye jokofu la chanjo la zahanati mambo hugeuka. Kule joto ndilo linalotafutwa, lisitoke kati ya nyuzi 2 na 8, na temista, ambayo ukinzani wake hushuka kama asilimia 4 kwa kila nyuzi, inapewa rezista tulivu pembeni ili mkunjo wake unyooke. Usumbufu wa mizani ndio ujumbe wa jokofu.

Huku kwetu kipimo si jambo dogo. Jirani yetu ni kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, ambako maelfu ya familia huishi kwa mgawo. Sokoni mkulima wa maharage bado anapambana na rumbesa, gunia lililoshonewa kilemba kupita kilo 100, ingawa Wakala wa Vipimo wanaipiga vita kila mwaka. Rumbesa unaiona kwa macho na unaweza kuibishia. Gramu 80 za jua huzioni, na muuzaji na mnunuzi wote wanaweza kuwa waaminifu, huku mmoja akiondoka amedhulumiwa.

Jaribio la kwanza la zile nyaya mbili lilishindikana. Saa saba ndoo ilisoma 1.36: shaba ilikuwa kwenye mkono usio wake, na kosa likawa maradufu. Baba mdogo alifurahi kuliko nilivyotarajia. Alisema kiasi kimepatikana, kilichobaki ni upande tu. Akazibadilisha nafasi nyaya, akalehemu, lakini jua lilikuwa limeshapita; ilibidi tungoje kesho yake. Saa moja asubuhi akaiweka mizani nje, ndoo juu yake, umande bado uko kwenye nyasi. Ilisoma 1.20. Saa nne, 1.20. Saa sita akaniita nishike sahani: bati lilikuwa la moto kiasi cha kunitoa mkono. Saa saba mnunuzi alifika, akasalimia, akainama kwenye kioo cha namba na kukaa kimya muda mrefu. 1.20.

Baba mdogo akafunika zile nyaya mbili kwa mpira mweupe, akafunga skrubu. "Usiitumie kununulia bado," alimwambia. "Wapelekee watu wa vipimo waigonge muhuri kwanza."