Jumba Lina Jina, Mtu Hana: Uhakiki wa Postikadi za Zanzibar ya Ukoloni

Utangulizi

Postikadi na picha za zamani za mji wa Zanzibar zimerudi mikononi mwa watu. Kwa miaka mingi zilikaa katika albamu za wakusanyaji wa Ulaya, na nyingine zikafungiwa kwenye makabati ya nyaraka. Siku hizi zinarushwa kutoka simu hadi simu. Anayezipokea naye humrushia mwenzake, akiongeza maneno mawili matatu: "Unguja ya zamani hiyo!" au "Enzi zile mji ulikuwa mji." Basi, zinaendelea na safari.

Msomaji wa jarida kama hili anaweza kuuliza: picha na uhakiki wa fasihi, wapi na wapi? Jibu ni rahisi. Postikadi ina picha, lakini ina maandishi pia. Chini ya picha pana maelezo yaliyochapwa. Nyuma yake pana ujumbe, anwani, stempu na muhuri wa posta. Ina mtunzi, ina mchapishaji, ina hadhira. Kwa hiyo ni matini, na matini huhakikiwa. Makala haya yanadai kwamba maana ya postikadi imebebwa zaidi na yale maandishi mafupi ya chini kuliko na picha yenyewe. Na kwamba sisi tunaozisambaza leo tumerithi tabia ya maandishi hayo pasipo kujua. Tabia yenyewe ni hii: jumba hupewa jina, mtu hapewi.

Postikadi kama utanzu

Kadi ya posta ilianza kutumika Austria mwaka 1869. Kadi zenye picha zilishamiri kuanzia miaka ya 1890 hadi Vita Kuu ya Kwanza. Hapo mwanzo upande wa nyuma uliruhusiwa kuandikwa anwani tu, kwa hiyo mtumaji alilazimika kubana salamu zake kwenye upande wa picha, pengine juu ya anga au juu ya bahari. Uingereza iliruhusu upande wa nyuma ugawanywe sehemu mbili mwaka 1902, na Ujerumani ikafuata mwaka 1905. Ukiona kadi ambayo salamu zimeandikwa juu ya paa la jumba, basi jua fani hiyo ililetwa na kanuni za posta.

Nani alizitunga kadi za Zanzibar? Hapa tujihadhari na majibu ya haraka. Wengi wetu tungesema "mkoloni", tukafunga mjadala. Kwa kweli baadhi ya wapiga picha waliojulikana zaidi mjini walikuwa Wagoa, kama A. C. Gomes aliyefungua studio katika karne ya 19, na Coutinho waliokuja baadaye. Hao walikuwa wafanyabiashara waliokaa mjini na kuujua. Hata hivyo mnunuzi wao mkubwa alikuwa abiria wa meli na ofisa wa serikali, yaani mtu wa kupita aliyetaka kitu cha kumwonyesha mama yake au mchumba wake huko kwao. Tunapozungumzia itikadi ya kikoloni katika kadi hizi tusiitafute katika rangi ya mpiga picha. Tuitafute kwa hadhira. Mtunzi yeyote anayeandika kwa ajili ya soko fulani, hatimaye soko hilo humshika mkono.

Fani: jicho limesimama wapi?

Katika riwaya tunauliza msimulizi amesimama wapi. Hebu tuulize hivyo hivyo hapa. Katika kadi nyingi za Zanzibar jicho limesimama baharini au pwani, likiutazama mji kutoka mbele. Tunaona safu ya majengo meupe, na katikati yake Beit al Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Kadi ya namna hii inamwonyesha mgeni kile alichokiona alipokuwa bado yuko melini.

Jengo hilo lina msaada mkubwa kwa mhakiki. Katika picha za zamani zaidi kuna mnara wa taa uliosimama peke yake mbele ya jumba. Tarehe 27 Agosti 1896 meli za kivita za Waingereza ziliupiga mji mizinga kwa muda usiozidi saa moja. Mnara ule ukaharibika na majengo ya jirani yakabomoka. Baada ya hapo mnara wa saa uliwekwa kwenye jumba lenyewe. Kwa hiyo ukiona mnara umejitenga mbele, picha ni ya kabla ya mizinga. Ukiuona umekaa juu ya jumba, ni ya baadaye. Lakini nani anayasema haya anaporusha picha hizo? Kadi mbili huwekwa pamoja, mji wa kabla na mji wa baada, zote zikaitwa "Zanzibar ya zamani", na vita vilivyo katikati yake havitajwi.

Kitu kingine cha kifani ni kile kisichoonekana. Nyuma ya Mji Mkongwe, ng'ambo ya ule mkono wa bahari uliokuja kufukiwa baadaye, palikuwa na Ng'ambo yenyewe, mji wa nyumba za udongo na makuti ulioishi watumwa walioachwa huru, wachukuzi, mafundi, wapishi na wavuvi. Umma mkubwa wa mji ulikuwa huko. Kadi zinazoonyesha Ng'ambo zipo, ila kwa kawaida zinaiita kijiji cha wenyeji, kama kwamba ipo shamba, mbali na mji. Neno hilo moja tu, "kijiji", linawatoa maelfu ya wakazi nje ya mji waliokuwa wakiujenga.

Sasa turudi kwa yule anayesema enzi zile mji ulikuwa safi na umetulia. Mji wa kwenye kadi ni safi kwa sababu fremu imeishia kabla ya Ng'ambo. Na huko Ng'ambo mwaka 1928 watu waligoma kulipa kodi ya viwanja. Utulivu wa kadi ni fani ya mpiga picha, usichukuliwe kuwa ushahidi wa historia.

Maandishi mawili katika picha moja

Tuje kwa watu. Kadi za watu wa Zanzibar zina mtindo mmoja: mwanamke amesimama au ameketi studio, nyuma yake pazia lililochorwa miti au nguzo, na chini maelezo ya mfano wa "mwanamke wa Kiswahili" au "wanawake wenyeji, Zanzibar". Mtu mmoja amegeuzwa kuwa kabila zima. Katika istilahi zetu tungesema ni mhusika bapa. Hana jina, hana ukoo, hana anachotaka.

Lakini mtazame alivyovaa. Hapa ndipo picha inapogombana na maelezo yake. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897. Kabla ya hapo kaniki, kitambaa cheusi kisicho na nakshi, kilikuwa vazi lililomtambulisha mtumwa mwanamke. Kanga zilipoenea mwishoni mwa karne ya 19, wanawake waliotoka utumwani walizikimbilia, na mwanzoni mwa karne ya 20 wengi wakaingia katika buibui. Kwa hiyo mavazi katika kadi hizi ni maneno. Mwanamke aliyejifunga kanga mpya mbele ya kamera katika miaka ile anatoa hoja kuhusu nafasi yake katika jamii: mimi si wa kaniki tena. Maelezo ya chini yanadai kuonyesha desturi isiyobadilika. Vazi la juu linaonyesha mabadiliko makubwa ya karne nzima.

Baadaye kanga zikapata na maandishi, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kilatini. Basi ukipata kadi ya namna hiyo unayo matini mbili kwa pamoja. Moja imechapwa chini, inasema kuhusu mwanamke. Nyingine ameivaa mwenyewe, na aliichagua dukani kwa fedha yake. Mhakiki anayesoma ya chini tu amefanya kazi nusu.

Fasihi ilifanya nini?

Ili kuona upungufu wa kadi, tuzilinganishe na kazi mbili za fasihi yetu zinazohusu mji huohuo.

Ya kwanza ni Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Siti alizaliwa Fumba katika familia iliyotoka utumwani, na jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Alikuja mjini akiwa mtu duni aliyezoea kutembeza vyungu. Akawa mwimbaji mashuhuri wa taarabu, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Alifariki mwaka 1950. Fikiri kidogo, ndugu msomaji. Mpiga picha wa mwanzoni mwa karne angekutana naye njiani na vyungu kichwani, angempiga picha na kuandika chini "muuza vyungu, Zanzibar". Mwanamke yuleyule! Shaaban Robert alifanya kinyume cha postikadi: alimtaja yeye, akawataja wazazi wake, akaueleza ufundi wake na njia aliyopita kutoka jina la Mtumwa hadi jina la Siti. Ni kweli, mtunzi wetu huyu anapenda maadili kupita kiasi, na pengine anamfanya Siti awe mwema mno. Hata hivyo anatuachia mtu.

Ya pili ni riwaya ya Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979. Katika kadi za bandari watu wanaobeba mizigo ni nukta tu kando ya meli. Wamewekwa ili meli ionekane kubwa. Shafi anamchukua msomaji hadi ndani ya nukta hizo. Tunamkuta Rashidi, tunajua mshahara hautoshi, tunajua hatari ya kazi, tunafikishwa hadi kwenye mgomo wa 1948 ulioanzia bandarini na kuenea mjini. Wahakiki wengine wameilaumu Kuli kwa kuwa na propaganda. Mimi nasema lawama hiyo ipimwe upya kwa kuiweka riwaya karibu na kadi. Kadi nayo ina propaganda yake, ila imenyamaza, na propaganda iliyonyamaza ndiyo ngumu kubishana nayo.

Wanaozisambaza leo

Kuna makundi mawili yanayovutana. La kwanza husifu kila kitu cha zamani. La pili husema picha hizi ni sumu ya mkoloni, zisisambazwe kabisa. Ninaafikiana na la pili kuhusu sumu, siafikiani nalo kuhusu dawa. Tukizifungia kabatini, nyuso za watu wetu zitabaki na maelezo yaleyale waliyopewa na wengine, na watakaoendelea kuzinunua na kuziuza ni walewale.

Kinachotakiwa ni kuandika maelezo mapya. Anayerusha picha ajiulize maswali machache. Imepigwa lini? Asiiamini tarehe ya muhuri wa posta, kwani kadi huweza kutumwa miaka mingi baada ya picha kupigwa. Muhuri unathibitisha tu kwamba picha haiwezi kuwa ya baada ya hapo. Rangi zimetoka wapi? Mara nyingi zilipakwa na wachapaji wa Ulaya ambao hawakuwahi kuiona kanga, kwa hiyo wekundu wa nguo usitolewe nadharia. Jicho limesimama wapi, na nini kimeachwa nje? Mwisho, swali kubwa: ni nani huyu?

Swali hilo la mwisho kwa kadi za mwaka 1905 huenda lisipate jibu. Lakini kwa picha za baadaye linajibika. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini, na hapo watu wengi waliingia kwa hiari yao, wakalipa, wakajipanga walivyotaka wao. Picha kama hizo zimo katika visanduku majumbani mwetu. Bibi zetu na babu zetu bado wanaweza kusema huyu ni fulani binti fulani, siku hiyo ilikuwa sikukuu, na kanga ile aliazima kwa shoga yake. Kila mwaka wanaoweza kusema hivyo wanapungua. Akiondoka wa mwisho, picha ya bibi itakuwa sawa na postikadi: "mwanamke wa Kiswahili".

Hitimisho

Mwezi Desemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib iliporomoka na kuua watu. Picha za zamani za jumba hilo zilimiminika kwenye simu kwa siku nyingi, na ilistahili hivyo. Hata hivyo jumba hilo lina bahati: limechorwa, limepigwa picha, lina tarehe na jina la aliyelijenga. Watu waliosimama kivulini mwake katika kadi hizo hawana hata kimoja cha hivyo vinne isipokuwa picha.

Wanafunzi wa fasihi tunafundishwa kuuliza majina ya wahusika, asili zao na matakwa yao. Basi tuuhamishie ufundi huo kwenye picha. Atakayepokea picha ya zamani wiki hii, kabla hajairusha mbele, ampelekee kwanza mzee mmoja aliye karibu naye, aulize, aandike jina, ndipo airushe ikiwa na jina hilo.