Mizani ya Kahawa na Mizani ya Shairi: Istilahi za Fasihi katika Usomaji wa Ufahamu, Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Ufundishaji wa ushairi katika shule za sekondari umezoea kutanguliza fasili: mizani ni idadi ya silabi katika mshororo, vina ni silabi za namna moja zinazojirudia katikati na mwishoni mwa mishororo. Fasili hizo ni sahihi. Hata hivyo, mwanafunzi anaweza kuzikariri zote na bado asilielewe shairi lililo mbele yake.

Tatizo hilo hudhihirika Mbinga na katika mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, ambako Kiswahili huzungumzwa sambamba na Kimatengo, Kimanda, Kimpoto na Kinyasa. Mtoto wa mkulima wa Umatengo huijua mizani kabla ya somo la ushairi: ni chombo cha kupimia kahawa. Mtoto wa mvuvi naye hukijua kina: ni umbali wa kwenda chini majini. Maneno haya mawili hayastahili kufundishwa kwa njia moja. Mizani ya shairi ni upanuzi wa maana ya kawaida, kwani mshororo nao hupimwa, na kipimo chake ni silabi. Kina cha shairi na kina cha ziwa hufanana kwa umbo tu. Mwalimu anayeeleza kwamba vina ni "undani" wa shairi humpotosha mwanafunzi.

Kupima nako kunahitaji sikio. Kipande "Mlimani kule Mbinga", kilichotungwa hapa kwa ajili ya mfano, kinatimiza mizani 8. Katika "mlimani", /m/ ni silabi kamili: m-li-ma-ni. Katika "Mbinga", /mb/ ni konsonanti moja yenye unazali: mbi-nga. Anayehesabu kwa macho atapata 7 au 9, kisha atamlaumu mshairi.

Faida ya istilahi huonekana zaidi pale neno linapobadilishwa umbo. Mshairi akiandika "sendi" badala ya "siendi", msomaji asiyejua inkisari atalitafuta neno hilo katika kamusi asilipate, na maana ya ubeti itampotea. Anayejua kwamba mizani imedai silabi ipunguzwe hulirejesha neno katika umbo lake na kuendelea kusoma. Hapo istilahi imekuwa nyenzo ya ufahamu.

Haifai kudai kwamba kanuni hizi ni za watu wa pwani pekee. Kaluta Amri Abedi, aliyechapisha *Sheria za Kutunga Mashairi* mwaka 1954, alizaliwa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwanafunzi wa Liuli ana haki ileile juu ya istilahi hizi. Kinachotakiwa ni fasili ifuate usomaji: shairi lisomwe kwa sauti, silabi zihesabiwe, neno lililofupishwa litambuliwe, ndipo istilahi itajwe. Mtihani nao umtake mwanafunzi aeleze mizani imefanya kazi gani katika ubeti, badala ya kumuuliza tu mizani ni nini.