Chema Hakikujiuza: Barua Iliyowatoa Wakimbangu Mafichoni

Anayeanzisha dini mpya Kasongo au Kabambare, mkoani Maniema, leo haanzi kwa kuhubiri. Anaanza kwa kwenda kujitambulisha kwa chifu, kisha kwa mtawala wa teritware, karatasi mkononi. Sheria ya tarehe 20 Julai 2001 kuhusu mashirika yasiyo ya faida inamtaka awe na katiba, viongozi wanaojulikana kwa majina, na kibali cha serikali. Wengi huuona huo kuwa usumbufu wa ofisini tu. Historia ya Kongo inasema vingine: mara nyingi namna ya kujitambulisha ndiyo iliyoamua dini ipi itapewa kiwanja na ipi itapelekwa kambini.

Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa dini mpya, methali hiyo husaliti pande zote mbili. Kesi inayoonyesha hivyo vizuri kuliko zote ni ya Wakimbangu, wafuasi wa nabii Simon Kimbangu, waliotoka kwenye orodha ya maadui wa dola hadi kuwa kanisa la tatu la taifa. Tuangalie walifanyaje.

Jina lililoandikwa na wengine

Simon Kimbangu alianza kuponya wagonjwa Nkamba, Kongo ya Chini, mwezi Aprili 1921. Watu wakaacha kazi, wakaacha hospitali, wakamiminika kwake. Kabla mwaka haujaisha, mahakama ya kijeshi ya Thysville ilikwisha kumhukumu kifo, tarehe 3 Oktoba, raia asiye na wakili mbele ya hakimu wa jeshi. Wamisionari wa Kibaptisti walimwombea kwa Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji, na hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Alikaa gerezani Elisabethville miaka 30, akafia humo tarehe 12 Oktoba 1951.

Ukiitazama kesi hiyo kwa jicho la mtu wa uhusiano na umma, kosa ni rahisi kuliona. Katika miezi ile michache Kimbangu alikuwa na wafuasi wengi lakini hakuwa na msemaji. Maelezo juu yake yaliandikwa na mtawala wa Kibelgiji, na magazeti ya walowezi yaliyodai adhabu kali. Yeye alisema anahubiri Injili. Wao wakaandika kwamba anachochea watu wasilipe kodi na kuwafukuza Wazungu. Faili ndiyo iliyoamua.

Kisha serikali ikafanya kosa la upande wake. Iliwahamisha wafuasi kwa nguvu na kuwatawanya kote nchini. Kanisa lenyewe huhesabu wakuu wa familia 37,000. Kambi mojawapo ilikuwa Lowa, kando ya Lualaba, ukishuka mto kutoka Kindu. Waliopelekwa huko wakasali huko, wakazaa huko, wakaonekana na wenyeji kuwa watu wa kazi na wa amani. Mtu aliyeambiwa na serikali kwamba hawa ni wachochezi aliona kwa macho yake jirani anayelima, asiyekunywa pombe, asiyegombana. Bila kujua, serikali ilikuwa inawasafirishia dini yao kwa gharama yake.

Waliochagua kimya

Ili kuona uzito wa kilichofuata, linganisha na kundi la dini la Kitawala. Hilo lilipanda kutoka Rhodesia ya Kaskazini hadi Katanga katika miaka ya 1920, likaja na kivuli cha Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, aliyewaua watu kwa tuhuma za uchawi mwaka 1925 na kunyongwa mwaka uliofuata. Mwaka 1937 lilipigwa marufuku Katanga. Mwaka 1944 Bushiri Lungundu akaongoza uasi upande wa Masisi na Lubutu. Baada ya hapo mtawala yeyote wa Maniema aliposikia neno Kitawala alisikia vita.

Watu wa Kitawala hawakuwa wa namna moja. Wengi walitaka kusoma Biblia na kuachwa wasali. Lakini walikutana usiku, hawakuwa na ofisi wala mtu mmoja wa kujibu kwa niaba ya wote, na kwa wengine kukataa kujieleza kwa serikali ilikuwa sehemu ya imani. Hiyo ni haki yao. Matokeo yake ni kwamba kosa la mmoja lilibandikwa kwa kila mmoja. Hata Mashahidi wa Yehova, ambao mafundisho yao yalikuwa chimbuko la Kitawala lakini hawakuwa shirika moja nao, walibeba sehemu ya mzigo huo.

Barua ya watu 600

Wakimbangu nao walikuwa mafichoni kwa miaka zaidi ya 30, wakiongozwa na Mama Marie Muilu, mke wa nabii. Katikati ya miaka ya 1950 kizazi kingine kikashika usukani: mwanawe mdogo Joseph Diangienda, aliyekuwa karani katika utawala wa kikoloni, na vijana wasomi wa Léopoldville akiwemo Lucien Luntadila, aliyekuja kuwa katibu mkuu. Walijua ofisi inafikiri vipi kwa sababu walifanya kazi ndani yake.

Waumini 600 walimwandikia Gavana Mkuu Léon Pétillon. Kwa ufupi walimwambia: kila tunapokutana kusali askari wako wanatukamata; ili tusiwasumbue polisi wako, tutakusanyika sote bila silaha katika uwanja wa Mfalme Baudouin, na hapo utaweza kutukamata sote kwa mara moja, au kutuua.

Ipime barua hiyo kama fundi anavyopima kazi ya fundi mwenzake. Ina majina. Shutuma kubwa dhidi yao ilikuwa kwamba ni chama cha siri. Mtu anayetia sahihi yake mbele ya gavana ameijibu shutuma hiyo bila kuandika hata mstari mmoja wa kujitetea. Haibishani juu ya dini: haielezi Kimbangu ni nani wala haimwombi Pétillon aamini chochote, kwa kuwa kwenye mabishano ya imani mapadre walikuwa na sauti kubwa kuliko wao. Lugha yake ni ya adabu, hata ya kumhurumia mpokeaji na polisi wake, na adabu hiyo ndiyo inayouma.

Kilicho kikubwa zaidi ni kwamba inampa gavana njia mbili, zote za hasara kwake. Akiwakamata, atafanya hivyo mchana, katikati ya jiji, katika uwanja wenye jina la mfalme, wakati dunia imeshaanza kuwauliza wakoloni maswali. Akiwaacha, amekiri kwamba marufuku imekufa. Pétillon hakujaza uwanja kwa maiti wala kwa wafungwa. Mkono wa serikali ukalegea, na tarehe 24 Desemba 1959 kanisa likatambuliwa kisheria, miezi sita kabla ya uhuru.

Kazi iliyofuata

Barua hufungua mlango tu. Baada yake Wakimbangu walijenga picha ambayo mtu wa nje angeweza kuisoma bila mkalimani. Walichagua jina refu linalotanguliza Yesu Kristo kabla ya Simon Kimbangu. Walichagua maneno matatu ya Kilingala, bolingo, mibeko, misala: upendo, amri, kazi. Makatazo ya pombe, tumbaku, ngoma za dunia na ndoa za wake wengi yalikuwa maadili yao ya ndani, lakini pia yalimpa kila afisa jibu la haraka juu ya watu hawa. Gwaride la kijani na nyeupe, pamoja na fanfare na filimbi, lilifanya wakusanyike kwa maelfu na kuonekana wenye nidhamu badala ya kutisha. Watoto wao walipofukuzwa shule za misioni, walifungua za kwao.

Halafu wakaalika wakaguzi. Wageni kutoka makanisa ya Ulaya walikuja wakaangalia, wakauliza, wakaandika. Mmoja wao, mwanateolojia Marie-Louise Martin wa Uswisi, alibaki na kufundisha katika chuo chao cha theolojia. Agosti 1969 Baraza la Makanisa Ulimwenguni likawapokea. Kwa hiyo sheria ya Rais Mobutu ya Desemba 1971 ilipochuja madhehebu, waliketi mstari mmoja na Wakatoliki na Waprotestanti. Waislamu, ambao Kasongo ni mji wao mkuu wa kihistoria, ilibidi waingie kwa njia hiyohiyo mwaka 1972: jumuiya moja, inayoitwa leo COMICO, na mwakilishi mmoja wa kisheria, ingawa misikiti yenyewe ilikuwa na mivutano yake. Dola ilitaka mtu wa kuzungumza naye, kwa hiyo kila dini ililazimika kumtoa.

Kazi hiyo haijakoma. Mwaka 1994 Armand Diangienda, mtoto wa Joseph, alianzisha okestra ya simfonia mjini Kinshasa. Filamu ya Kijerumani ya mwaka 2010 iliipeleka duniani, na watu ambao hawajawahi kusikia habari za Nkamba wakalijua kanisa kwa muziki wa Beethoven. Mwaka 2011 mahakama kuu ya kijeshi ilifuta hukumu ya 1921. Tangu 2023, tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya taifa kwa heshima ya Kimbangu.

Deni

Sifa kama hii hailetwi bure. Kanisa lililojitambulisha kwa utii lilibaki na utii huo chini ya Mobutu, hata pale ambapo wengine walisema hapana. Na swali ambalo barua ya Pétillon ililikwepa kwa ustadi, Kimbangu ni nani hasa, halikufa. Maelezo waliyopewa wageni wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni yalimwita mjumbe wa Kristo. Waumini wengi nyumbani waliimba zaidi ya hapo, na mafundisho kwamba Kimbangu ni Roho Mtakatifu yalipotangazwa waziwazi, makanisa mengine ya Kongo yalianza kuhoji kama hawa bado ni wenzao. Unaweza kulipita swali la imani kwa mbinu. Kulijibu kwa mbinu huwezi.

Kuna deni baya kuliko hilo, la anayetumia vyombo hivihivi kuficha. Kanungu, Uganda, kundi la Kurejesha Amri Kumi za Mungu lilikuwa limesajiliwa, likaendesha shule, likasifiwa na majirani kwa ukimya na bidii, na likaalika watu kwenye sherehe ya tarehe 18 Machi 2000. Tarehe 17 mamia waliteketea ndani ya jengo lililofungwa, na baadaye makaburi ya halaiki yakafukuliwa. Karatasi, shule, nidhamu, mwaliko: kila kitu ambacho Wakimbangu walikuwa nacho, nao walikuwa nacho.

Tofauti iko kwenye nani anaruhusiwa kuingia na kutoka. Wakimbangu walijitokeza uwanjani, wakamkaribisha mgeni akae miaka na aandike anachoona. Kanungu, hata kuongea kulizuiwa. Waumini waliwasiliana kwa ishara. Basi mtawala wa Kabambare anayeletewa katiba iliyopigwa mihuri vizuri, au mzazi wa Kasongo ambaye binti yake amehamia kwenye kambi ya maombi, asiishie kwenye mihuri. Aulize kama ndugu wanaweza kuwatembelea waumini siku yoyote bila kutoa taarifa, kama aliyejitoa bado anasalimiwa sokoni, na kama kuna mtu wa nje aliyewahi kulala humo na kutoka na maneno yake mwenyewe. Chema kinahitaji msemaji, na kibaya pia hujua kumwajiri. Msemaji huyo anaweza kuandika katiba nzuri, lakini hawezi kujibu maswali hayo matatu kwa niaba ya watu waliofungiwa ndani.