Alama Inayongoja Msomaji

Java 5 ilipoleta anotesheni mwaka 2004, wanaprogramu walipewa alama isiyotenda lolote. Andika @Test juu ya methodi: methodi haibadiliki hata chembe, wala haijiiti yenyewe. Alama imekaa tu, inamngoja wa kuisoma. Ninayemsifu hapa ni huyo msomaji.

Itazame JUnit, zana ya majaribio iliyoanzishwa na Kent Beck na Erich Gamma. Zamani ilitambua majaribio kwa majina: kila methodi ya jaribio sharti ianze na test. Kidole kikiteleza ukaandika tset, jaribio liliachwa kimyakimya, nawe ukalala ukiamini limefaulu. Mwaka 2006 JUnit 4 ikashika njia ya alama. Sasa ukiandika @Tset, kompaila inakukatalia papo hapo.

Uzuri wenyewe uko kwenye usomaji. JUnit hukabidhiwa klasi isiyoijua, pengine iliyoandikwa miaka mingi baada ya JUnit yenyewe. Kwa uakisi, yaani uwezo wa programu kuchunguza klasi inapoendeshwa, huiuliza: una methodi zipi? Kisha huzipitia moja moja: wewe, unayo @Test? Iliyo nayo huitwa. Na alama ikibeba neno, tuseme timeout = 500 katika JUnit 4, msomaji hulichukua na kuihesabia methodi milisekunde zake. Watu wawili wasiowahi kuonana wanaelewana, na hakuna aliyegusa msimbo wa mwenzake. Kwangu hiyo ni adabu ya hali ya juu.

Ila aliyeibuni alama ndiye huamua iishi hadi wapi. @Override huishia kwa kompaila, kazi yake imekwisha. Usiposema lolote, anotesheni yako itaandikwa kwenye faili la klasi, lakini programu ikiendeshwa uakisi hautaiona. Msomaji atauliza na kujibiwa null, ilhali wewe unaiona kwa macho yako. Lazima utamke kwamba iishi hadi RUNTIME, yaani hadi programu inapoendeshwa. Naukubali ukali huo: kinachobebwa hadi mwisho wa safari kibebwe kwa makusudi.

Uakisi una nguvu ya kutisha. Kwa setAccessible huweza kufungua hata sehemu ambazo klasi imezifanya za siri. Pia kuita methodi kwa uakisi kuna gharama zaidi ya kuiita moja kwa moja. Basi fundi wa kweli husoma alama mara moja, programu inapoanza, akahifadhi alichokiona, na methodi isiyo na alama akaiacha kama alivyoikuta.