Sindano, Patasi na Neno "Kufuta"

Mfasiri mmoja ameniletea rasimu ya maelekezo ya kunasa sauti nyumbani kwa fonografu za Edison, aliyoitayarisha kwa ajili ya watu wanaotunza mashine hizo za kale. Kiswahili chake ni safi. Hata hivyo, istilahi zake tatu zahitaji kusahihishwa, na mbili kati yake zaweza kuleta hasara isiyolipika.

Fonografu ameiita santuri. Neno hili halijatulia: kwa wengine ni mashine, kwa wengine ni sahani yake. Zaidi ya hayo, santuri ya nyumbani ilipiga tu, haikunasa. Santuri zilikuwamo majumbani Unguja, lakini Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 ili sauti yake itiwe katika sahani. Fonografu, iliyovumbuliwa mwaka 1877, ilinasa na kusikilizisha tangu mwanzo. Edison mwenyewe, mwaka 1878, alitaja miongoni mwa kazi zake kuhifadhi sauti za jamaa, hata maneno yao ya mwisho. Basi na iitwe fonografu. Wanahisabati watataka mcheduara badala ya silinda; mimi naona silinda ya nta yatosha.

Kosa kubwa zaidi ni sindano. Fonografu ya nyumbani ilikuwa na vichwa viwili vilivyopachikwa mahali pamoja kwa zamu. Kimoja kina ncha ya johari yenye makali, nayo huchimba mfereji katika nta sauti inapoitikisa. Kwa umbo na kwa kazi ni patasi ndogo. Cha pili kina ncha iliyoviringwa, inayoteleza ndani ya mfereji bila kuukata. Rasimu yasema: "Teremsha sindano juu ya silinda." Sindano ipi? Mtu akiteremsha ile yenye makali juu ya silinda iliyokwisha kunaswa, sauti ya bibi yake hutoka pamoja na maranda ya nta. Napendekeza kichwa cha kunasia na kichwa cha kusikilizia, na neno sindano tuwaachie wenye santuri.

La tatu limejificha kwa sababu ni la kila siku. "Futa silinda kabla ya kuitumia," asema mfasiri, akikusudia vumbi. Lakini msomaji aliyezoea kinasasauti cha utepe anajua kwamba kufuta ni kuondoa sauti iliyomo. Na kwa silinda jambo hilo lawezekana kabisa: nta ilinyolewa juu juu kwa kisu maalumu hadi ikawa laini, ikanasa upya. Nilipomwuliza mfasiri, alijibu kwamba muktadha utamwongoza msomaji. Sikubaliani naye, maana mwenye silinda moja tu hana nafasi ya kujaribu mara ya pili. Vumbi lipanguswe, nta inyolewe, na kufuta kusionekane popote katika maelekezo hayo.