Onyesho Kama Ushahidi: Juu ya Kurejelea Michezo ya Kuigiza

Imekuwa desturi katika uhakiki wetu kutaja mwandishi, mwaka wa kitabu na ukurasa, kisha kuzungumza juu ya waigizaji na hadhira kana kwamba ukurasa ndio uliowachekesha watazamaji. Desturi hii yafaa tunapohakiki maandishi. Tunapohakiki tendo la jukwaani, haifai.

Tutazame Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mchezo huu ulianza kuonyeshwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, Oktoba 1977. Novemba mwaka uo huo kibali chake kikafutwa. Kitabu kikatoka 1980. Mhakiki asemaye kwamba wanakijiji waliurekebisha mchezo katika mazoezi, kisha akarejelea kitabu cha 1980 peke yake, amewafuta wale wale anaowasifu. Ukumbi wao ulibomolewa 1982. Rejeo sahihi ni sehemu ya kumbukumbu yao iliyosalia.

Huku kwetu magharibi ya Kenya jambo hili ni zito zaidi. Mwanafunzi wa chuo kikuu atokaye Mundika, karibu na mji wa Busia, amekulia katika tamasha za shule, na michezo mingi ya tamasha haipigwi chapa kamwe. Tena hubadilika inapopanda ngazi kuelekea taifa. Neno la Kikhayo au la Kiteso liwezalo kuangusha kicheko Busia huenda likaachwa mbele ya waamuzi wa mbali. Jina moja, basi, laweza kubeba maonyesho mengi.

Mfano wa jirani zetu wa Butere unatosha. Mwezi wa Aprili 2025, wasichana wa shule ya Butere walifika tamasha ya kitaifa Nakuru na Echoes of War, mchezo uliotungwa na Cleophas Malala. Waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka jukwaani. Anayetaja Echoes of War, Nakuru, 2025, anarejelea nini? Si maneno ya Malala, maana hayakutamkwa pale. Anarejelea wimbo na kuondoka kwao, na hilo lenyewe ni tendo la kuhakikiwa.

Mwongozo wa Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani huhesabu hotuba isiyorekodiwa kuwa mawasiliano binafsi, nje ya orodha ya marejeo, kwa kuwa msomaji hawezi kuifikia. Tukiifuata hoja hiyo hadi kwenye jukwaa, sehemu kubwa ya drama yetu itakosa mahali katika orodha zetu. Mwongozo wa Chama cha Lugha za Kisasa, wa huko huko Marekani, ni mwema zaidi: huruhusu onyesho kuorodheshwa kwa mahali na tarehe. Lakini kwetu hata hayo hayatoshi.

Rejeo la onyesho na litaje mchezo, mtunzi, mwelekezi, kikundi, mahali, tarehe, ngazi ya tamasha na lugha zilizosemwa. Mhakiki aseme pia kama alikuwapo, alitazama kanda, au alisimuliwa. Majina ya watoto walioigiza yasitajwe pasipo idhini. Na pale kitabu kinapohitilafiana na onyesho, vyote viwili vitajwe, kila kimoja kwa mwaka wake.

Haya si mapambo ya ukurasa wa mwisho. Palipo na kibali kinachoweza kufutwa na ukumbi unaoweza kubomolewa, mstari mmoja wa marejeo waweza kuwa shahidi wa pekee kwamba watu walisimama wakasema.