Zege la Nyanda za Juu na Namna ya Kulipima

Anayekula zege, yaani chipsi mayai, Mbeya anatakiwa kuwa mkali kuliko mlaji wa Dar es Salaam. Kiazi cha Dar kimebanwa ndani ya gunia la lumbesa njia nzima; cha soko la Mwanjelwa, Mbeya, kimeshuka tu kutoka mashamba ya Isyonje au Umalila, na watafiti wa zao hilo, TARI Uyole, wako hapo hapo jijini. Muuzaji hana kisingizio.

Kwa hiyo tazama kiazi kabla ya kuagiza. Ganda likichunika kwa kusuguliwa na kidole gumba, kimevunwa hakijakomaa: kina maji mengi, kitanyonya mafuta na kulegea. Chenye ukijani, hama kibanda. Chipsi zikiwahi kuwa nyeusi nchani huku ndani bado mbichi, ujue kiazi kimejaa sukari kwa kukaa kwenye baridi, na Juni au Julai stoo ya Mbeya haihitaji friji kufanya hivyo.

Kabati la vioo lisikudanganye. Chipsi zilizomo humo zimepoa zamani. Fundi huzirudisha kwenye karai kidogo, anazichuja, ndipo anazihamishia kwenye kikaango. Anayezimwagia mayai zikiwa baridi atakupa yai lililoungua juu ya kiazi kilicholala.

Mayai yapasuliwe mbele yako, yapigwe na chumvi, yamwagwe yakienea. Kugeuza ndiko kunakomtambulisha fundi: sahani juu, mkono mmoja, bila kumwaga. Zege zuri hushikana likikatwa, lakini kila chipsi bado unaiona. Yai likifunika kila kitu kama blanketi, hicho ni kimanda cha mayai. Chipsi zimefichwa kwa sababu.

Nikifika Iringa, huwa mgumu zaidi kwenye kachumbari. Mji unaopata nyanya za Ilula na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni hauna ruhusa ya kukupa maji mekundu ya chupa peke yake. Itikia salamu ya Kihehe, “Kamwene”, vizuri, utaongezewa pilipili.

Ukisema “nifungie”, adui ni mvuke. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 vifungashio vimebadilika, ila mvuke ni ule ule. Mwambie muuzaji aliache zege lipumue kidogo kabla ya kufunga, na kachumbari ikae pembeni. Hata hivyo halingoji safari: pale Iringa, anayelala Ipogolo asinunulie Miyomboni.